Pampu ya Pili

Gari la daktari wa mifugo lilifika gereji kwa mara ya tatu likiwa nyuma ya trekta, limefungwa mnyororo. Mwenye trekta aliufungua mnyororo wake, akaukunja, akaondoka bila kungoja shukrani. Daktari alishuka taratibu, akafungua mlango wa nyuma, akatoa sanduku la plastiki la kuhifadhia baridi, akaliweka kivulini. Hakulifungua. Ndani mlikuwa na dozi mia nne za chanjo ya mbuzi, na barafu yake ilikuwa imegeuka maji tangu saa tano asubuhi.

Fundi alitoka kumlaki huku akijifuta mikono. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mrefu, mwenye mgongo uliozoea kuinama hata pasipo na gari mbele yake. Alimwuliza daktari limezimia wapi safari hii. Daktari akamjibu, na fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Lakini daktari alikuwa amejibu akiwa amegeukia sanduku lake. Fundi hakupata hata neno moja.

Hali hiyo ilikuwa na miaka mitatu. Zamani sifa yake kubwa ilikuwa masikio. Madereva walimpigia simu kutoka mbali, wakaishikilia simu juu ya injini, naye akawaambia ni beringi ya alteneta, au ni valvu, au ni ninyi wenyewe mmeweka oili chafu. Masikio hayo yaliondoka kwa adabu, kama wageni wanaoaga mmoja mmoja. Ulitangulia mlio wa simu. Wakafuata ndege wa asubuhi. Kisha watu wakaanza kumung'unya maneno, na kwa mwaka mzima alilaumu mtandao, akalaumu feni, akawalaumu vijana wa siku hizi kwamba hawafungui mdomo. Alikuwa amekata chuma kwa mashine kwa miaka ishirini na minane bila kuziba masikio, kwa sababu vifuniko vya masikio alivihesabu kuwa mambo ya watu wa viwandani wenye bosi wa kuwakagua.

Alipojua kwamba si watu wanaomung'unya, hakumwambia mtu. Alijifunza kusimama mahali penye mwanga na kutazama midomo. Alijifunza kuuliza maswali ambayo jibu lake linaonekana kwa macho. Palipomshinda kabisa, alisema ndiyo. Neno hilo lilimsaidia sana. Wateja wanapenda kuambiwa ndiyo.

Mkewe alijua. Alikuwa na duka la vipuri lililopakana na gereji, lenye dirisha moja linalotazama ndani, na kupitia dirisha hilo aliona mengi. Yeye alianza kujua siku alipomwambia mumewe kwa nyuma kwamba shemeji yake amejifungua salama, mume akajibu kwamba bado, ataoga baadaye. Tangu siku hiyo, kabla ya kusema lolote, mke alizunguka kwanza hadi mbele yake. Hawakuwahi kulizungumza. Ndani ya nyumba yao jambo hilo lilikaa kama kiti chenye mguu mbovu, ambacho kila mtu anajua kukikwepa na hakuna anayekitoa nje.

Gari lenyewe waliliita Chotara. Mwili wake ulikuwa wa gari la porini la zamani, la bati nene na magurudumu makubwa. Injini lililozaliwa nayo ilikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka kwenye ukame, na miaka miwili kabla ya haya fundi aliitoa akaweka injini ndogo ya kisasa, iliyotoka kwenye gari la kubebea familia. Kazi ilimchukua mwezi mmoja na nusu. Injini ya zamani ilikuwa na pampu ndogo ubavuni mwake na ilijivutia petroli yenyewe. Hii mpya ilitaka kuletewa petroli kwa nguvu, na pampu ya umeme. Kwenye tangi la zamani hapakuwa na nafasi ya kuiweka, kwa hiyo fundi aliifunga nje, chini ya gari, kwenye chuma cha fremu, akaikalisha juu ya vipande vya mpira ili isitetemeke, kisha akaifunika kwa bamba dhidi ya mawe. Mafundi wengine walikuja kuitazama. Walilala chini, wakaangaza tochi, wakainuka wakisema mzee amemaliza kazi.

Pampu za aina hiyo zina tabia moja. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, zinapewa umeme kwa sekunde mbili tu. Pampu inanguruma, inajaza bomba, inanyamaza. Kwa hiyo fundi yeyote anayeitwa kwenye gari lililozima huanzia hapo. Anamwambia mtu afungue swichi, yeye anatega sikio. Pampu ikinguruma, anatafuta ubovu kwingine.

Mara ya kwanza Chotara alipozima, miezi miwili nyuma, daktari aliletwa na lori la mchanga. Alisimama kando ya boneti akaeleza kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu kazi yake ilimfundisha kwamba mgonjwa asiyesema anahitaji shahidi mzuri. Jirani yao, mchomeleaji wa mageti, alikuwa akisaga geti. Fundi aliitazama midomo ya daktari, akapata "mlima" na "joto", akasema ndiyo. Kisha akaingia chini ya gari na taa yake ya kupimia, akaomba swichi ifunguliwe. Taa ikawaka. Umeme unafika, basi. Pampu ikawa kimya. Alirudia mara mbili, taa ikawaka mara mbili, na pampu ilibaki kimya vilevile. Kuigusa hakuweza, kwa ajili ya bamba lake mwenyewe, na kabla mtu hajaingiza vidole kwa pembeni sekunde mbili zimekwisha. Akatamka kwamba pampu imekufa. Akafunga mpya, gari likawaka kwa mguso wa kwanza, daktari akashukuru.

Ambacho hakukifanya ni kujaribu kuliwasha kabla ya kubadilisha. Lingewaka vilevile.

Wiki tatu baadaye likazima tena, kwenye mlima uleule, na likarudi likivutwa. Safari hiyo fundi aliona haiwezekani pampu mpya ife haraka namna ile, akaamua kwamba umeme unapita lakini hautoshi. Alibadilisha rilei, ile swichi ndogo inayoipelekea pampu umeme, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu, akasafisha sehemu zote waya unapofungiwa kwenye mwili wa gari. Ilikuwa kazi nzuri ya siku nzima, na haikuhusiana na ubovu wowote.

Sasa gari lilikuwa limerudi mara ya tatu.

Fundi hakupoteza muda. Alitandika boksi la karatasi chini ya gari, akaingia kwa mgongo, akaunganisha taa yake. Akamwomba daktari afungue swichi. Akaomba tena. Akaomba mara ya tatu. Kutoka chini alipaza sauti, kubwa kuliko ilivyohitajika, akasema hii nayo imekwisha, siku hizi tunauziwa maganda matupu.

Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mkono ungali kwenye ufunguo. Alisema kwamba yeye anaisikia ikilia. Alilisema kwa sauti ya kawaida, na hakujibiwa. Alimtazama mke wa fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni pa duka na vikombe viwili vya chai mkononi. Mke wa fundi hakumtazama. Aliviweka vikombe juu ya tairi bovu, akatembea hadi ubavuni mwa gari, akakunja gauni lake, akachutama mpaka uso wake ukaonekana kwa mtu aliye chini.

"Baba watoto," alisema, "pampu inalia. Imelia mara zote tatu."

Fundi alimtazama midomo.

"Unaisikia kutoka hapo?"

"Naisikia kutoka dukani."

Hakutoka mara moja. Alibaki amelala chali, taa ya kupimia ikiwa kifuani, akitazama bamba alilolikata mwenyewe na kulipaka rangi nyeusi mara mbili ili lisishike kutu. Mkewe hakuondoka. Miguu ilimuuma, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akaendelea kuchutama. Baadaye fundi alisema kwamba kilichomjia akilini hakikuwa aibu. Alikuwa akihesabu magari. Alijaribu kukumbuka ni mangapi mengine, ndani ya miaka mitatu, aliyoyafungua sikio likiwa limemdanganya, na kila alipofika kwenye saba au nane lilizuka jingine.

Alipotoka, alisimama mbele ya daktari na kitambaa mkononi.

"Daktari, masikio yangu yamekufa. Ni miaka mitatu sasa. Ile pampu niliyokutolea mwanzo haikuwa na ubovu. Na hii haina."

Daktari alishuka kwenye gari. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alimweleza, akimtazama usoni, kwamba kule juu kuna mfugaji aliyengojea chanjo tangu safari ya kwanza, na kwamba kati ya safari ya kwanza na ya pili amezika mbuzi kumi na mmoja. Fundi aliyapata maneno yote, kwa sababu yalisemwa polepole.

"Nilikuambia siku ya kwanza," daktari akaongeza. "Nilikuambia kabla ya kuzima linatoa sauti nyembamba kwa nyuma, kama mbu."

"Sikusikia."

"Ulisema ndiyo."

"Huwa nasema ndiyo."

Mkewe aliichukua chai iliyokuwa ikipoa akaimwaga, akaenda kutia nyingine.

Fundi alivuta stuli mbili, akaziweka zikitazamana mahali penye mwanga, akamwomba daktari aanze upya kana kwamba gari limeletwa leo kwa mara ya kwanza. Daktari alieleza. Asubuhi likiwa baridi halina shida. Kwenye barabara tambarare halina shida. Linahitaji mwendo wa nusu saa na zaidi, jua kali na mlima mrefu. Hapo ile sauti ya mbu inaanza kutoka chini ya viti vya nyuma, dakika moja baadaye gari linakosa nguvu, linashtukashtuka, linazima. Ukilipumzisha robo saa au nusu saa, linawaka kama halijafanya kitu, lakini mbele kidogo mlimani linazima tena, ndiyo maana huishia kuvutwa. Na hilo nalo, alisema, aliwahi kulieleza.

Fundi akasema mambo aliyoyajua tangu ujana wake, kwamba pampu ya umeme ya aina ile ni hodari wa kusukuma lakini kuvuta ni mvivu, na kwamba inapokosa petroli ya kutosha mdomoni mwake inazunguka kavu, na ikizunguka kavu inapiga kelele nyembamba. Sauti ya mbu haikuwa ya pampu kufa. Ilikuwa ya pampu yenye njaa. Mtu mwenye masikio na akili nusu angekuwa amelijua hilo siku ya kwanza kabla ya chai.

Waliamua kulipandisha gari mlimani kesho yake na kuliacha liugue mbele ya macho yao.

Asubuhi fundi alifunga geji ya presha kwenye bomba la petroli karibu na injini, akaipitisha nje ya boneti, akaibandika kwa utepe kwenye kioo cha mbele ili aisome akiwa amekaa. Alipakia sanduku la spana, vibano, kizima moto kidogo, na kipande cha mpira wa petroli cha urefu wa mkono. Daktari angeendesha. Yeye angetazama geji. Walipokuwa wanataka kuondoka, mkewe alitoka dukani akiwa na mkoba begani, akageuza kibao cha mlango kuonyesha pamefungwa, akaingia kiti cha nyuma. Hakuna aliyemwita, wala aliyeuliza. Alisema tu kwamba anataka kuambiwa asikilize nini.

Fundi aligeuka kumkabili. Sauti hiyo hakuwa ameisikia kwa miaka mitatu, lakini aliikumbuka vizuri kuliko mtu aliyeisikia jana. Alimwambia kwamba pampu ikiwa salama ni kama cherehani inayoshona nyumba ya pili, haina haraka, haipandi wala haishuki. Ikianza kuteseka cherehani inapandisha mwendo, kama mshonaji amechelewesha nguo ya arusi. Halafu nguo inaisha na cherehani inashona hewa. Mkewe alicheka kidogo. Akasema ameelewa, na akaweka viganja vyake sakafuni kwa muda, kama anayepapasa mgonjwa.

Tambarare ilipita bila habari. Mshale wa geji ulisimama kwenye arobaini na mbili, presha iliyotakiwa. Hawakuzungumza sana. Mlima ulipoanza, daktari alionyesha kwa kidole mahali alipozimikia mara ya kwanza, na mbele kidogo mahali trekta lilipomkuta. Jua likawa juu ya paa, harufu ya bati la moto ikaingia ndani. Fundi hakuondoa macho kwenye mshale. Arobaini na mbili. Arobaini na mbili.

Mkono wa mkewe ulimgusa bega.

"Imebadilika," mkewe alisema, fundi alipogeuka. "Inapanda."

Fundi alitazama geji. Mshale ulikuwa palepale. Alitazama tena uso wa mkewe, na mkewe akatikisa kichwa kwamba hakosei. Ilipita karibu nusu dakika. Ndipo mshale ukaanza kushuka, kwanza kama mtu anayesinzia, thelathini na nane, thelathini na tano, halafu kwa mkupuo hadi ishirini na tano. Gari likashtuka.

Fundi alimwambia daktari aliingize pembeni palipo sawa na asizime injini. Daktari alivuta breki ya mkono, mke wa fundi akaruka na kuzuia magurudumu kwa mawe. Fundi alikuwa amekwisha lifungua bamba tangu asubuhi, kwa hiyo alipoingia chini kila kitu kilikuwa wazi. Hapo hakuhitaji masikio. Aliweka kiganja juu ya pampu, ilikuwa ya moto na inatetemeka vibaya, mtetemo mkavu usio na uzito ndani yake. Alipiga kelele daktari afungue mfuniko wa tangi, ili ajue kama tangi limekosa hewa. Daktari alifungua, hakuna kilichobadilika. Tangi lilikuwa linapumua vizuri. Kisha mkono wake ulifuata njia ya petroli kwenda nyuma, kutoka kwenye pampu kuelekea tangini, mpaka kwenye kipande cha mpira kinachounganisha bomba la tangi na mdomo wa pampu.

Kipande kilikuwa bapa kama mkanda.

Injini ilizima yenyewe. Fundi hakuondoa vidole. Alihisi mpira ukijaa polepole, kidogo kidogo, ukirudi kwenye umbo lake kama mshipa wa damu uliobanwa ukaachiliwa, na baada ya dakika chache ulikuwa mviringo, imara, usio na dosari, mpira ambao mtu yeyote angeutazama gereji na kuupita. Ukiwa baridi ulikuwa mgumu wa kutosha. Ukipata joto ulilainika, na mlimani, injini ilipodai petroli nyingi, pampu iliuvuta kwa nguvu ukanywea na kujiziba wenyewe.

Ule mpira aliununua yeye na kuufunga yeye, siku ya mwisho ya ule mwezi na nusu, akiwa amechoka na mteja anangoja. Upande wa kusukuma aliweka mpira wa presha wa hali ya juu. Upande wa kuvuta alijiambia hakuna presha, mpira wowote utatosha. Alipouondoa na kuupasua kwa kisu kandokando ya barabara, ngozi yake ya ndani ilikuwa imeachana na ya nje na kukunjamana kama soksi iliyotumbukia kiatuni. Alimpa daktari auone. Daktari aliugeuza mkononi, akasema amewahi kuona utumbo wa ndama namna hiyo.

Alifunga kipande kipya, kigumu, chenye nyuzi ndani, akakaza vibano, akafuta petroli iliyodondoka, wakangoja ikauke. Gari likawaka. Walipanda mlima uliobaki wote, dakika hamsini, mshale ukiwa arobaini na mbili. Mke wa fundi alisema mara moja tu, bila kuulizwa, kwamba mshonaji anaendelea vizuri.

Kwa kuwa walikuwa wamekwisha fika juu, daktari aliona ni vyema apite kwa yule mfugaji. Mfugaji aliwapokea mbele ya zizi. Daktari akamweleza kwamba gari limepona, na kwamba chanjo nyingine itafika wiki ijayo. Mfugaji alisema maneno mengi akitazama zizi lake, mgongo nusu umewaelekea. Fundi aliona bega likisogea, akajua kuna kinachosemwa. Kichwa chake kilianza kutikisika kukubali, kwa mazoea. Akakizuia. Akamgeukia mkewe.

"Amesema nini?"

"Amesema wiki ijayo aliahidiwa pia mwezi uliopita."

Fundi alitembea hadi upande wa pili wa mfugaji, akasimama mahali wanapoonana usoni, akamwambia kwamba makosa hayakuwa ya daktari, yalikuwa yake yeye fundi, akamweleza na namna yalivyotokea. Mfugaji alimsikiliza hadi mwisho. Hakumsamehe wala hakumfokea. Aliuliza kama mpira huu mpya ni imara. Fundi akasema ni imara. Mfugaji akasema basi wiki ijayo, akaenda kuwafungulia mbuzi maji.

Wakati wa kuteremka daktari alimwuliza fundi ni sikio gani lililo bovu zaidi. Alisema yeye ni daktari wa ng'ombe tu, na ng'ombe wake hawajawahi kulalamika kwamba hawasikii, lakini mjini kwenye hospitali ya rufaa kuna kitengo cha masikio, na anamfahamu mtu pale. Fundi alikuwa ametazama mbele. Mkewe aliyarudia maneno hayo yote, neno kwa neno, akiwa ameinama katikati ya viti ili mumewe auone uso wake.

Ile pampu ya kwanza ilipatikana chini ya meza ya kazi, ndani ya ndoo ya vyuma chakavu. Fundi aliijaribu kwenye betri kwa kuishika mkononi, ikaamka palepale. Aliifunga kwenye gazeti, akampa daktari aiweke kama akiba, na gharama ya ile ya pili akasema ataibeba yeye. Chotara alishushiwa pampu chini zaidi, usawa wa sakafu ya tangi, ili petroli iteremke yenyewe bila kuvutwa sana. Dozi mia nne nyingine zilifika mlimani wiki iliyofuata, zikiwa baridi.

Wateja wawili walihama waliposikia habari za masikio, kwa kuwa daktari hakuwa na sababu ya kuficha na fundi hakumwomba afiche. Mmoja alirudi. Mchomeleaji wa jirani alikuja kusimama mlangoni, akasema kwamba na yeye siku hizi watu wanammung'unyia.

Mwezi mmoja baadaye fundi na mkewe walikwenda mjini kwa basi la asubuhi. Kwenye kitengo cha masikio walimwingiza peke yake kwenye kichumba kidogo chenye kuta za sponji na dirisha la kioo. Mpimaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimvalisha hedifoni akamwandikia kwenye karatasi kwamba kila atakaposikia mlio, hata mdogo namna gani, ainue mkono. Kisha akatoka, akaketi upande wa pili wa kioo mbele ya mashine yake.

Mlio wa kwanza aliusikia, akainua mkono. Na wa pili. Halafu pakawa na kimya kirefu, na katika kimya hicho aligundua kwamba anamwona mpimaji vizuri kupitia kioo. Kila mpimaji alipobonyeza kitufe, bega lake la kulia lilishuka kidogo. Likishuka, mlio umetoka. Fundi alikuwa amesoma mabega na midomo kwa miaka mitatu, na mtihani huu aliuona ni rahisi kuliko yote aliyowahi kupewa. Bega likashuka. Mkono wake ukaanza kuinuka kutoka kwenye paja.

Aliurudisha. Akashika ukingo wa kiti, akakigeuza mpaka akawa anatazama ukuta wa sponji, akaweka mikono yote miwili magotini, akangoja.